Makofi ya Kilo

Afisa Mkunde alifika Tukuyu na mvua, kama maafisa wote. Alishuka kwenye gari lisilo na dereva, akaliambia limsubiri uani, akafuta viatu mlangoni mara tatu. Mimi huwapima watu kwa viatu. Mtu anayefuta viatu mara tatu kabla ya kuingia kituo ambacho nusu ya watoto wake hukojoa sakafuni, ama ana heshima sana, ama kazi hii kaianza wiki iliyopita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Chai ipo."

"Nitakunywa tukimaliza. Watoto wasije wakachoka."

Nikampa alama moja ya heshima, nikamwonyesha kiti.

Jina langu ni Subilaga Mwakalinga. Nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na moja, na nilipostaafu niligeuza nyumba ya marehemu mume wangu kuwa kituo cha watoto ambao shule hazikuwataka. Wako tisa. Wapo wenye usonji, wapo wenye mtindio wa ubongo, yupo Mwaisa ambaye ulimi wake ni mzito na moyo wake ni mwepesi. Kwa miaka mingi hakuna aliyeniuliza nina kibali gani. Kisha ikaja sheria mpya: anayelea watoto wa namna hii bila ithibati, mwisho wa Juni anafunga mlango, na watoto wanakwenda Nyumba Kuu.

Nyumba Kuu niliitembelea mara moja. Sakafu inang'aa, vitanda mia mbili vimetandikwa shuka za buluu, na kila mtoto ana uzi wa kutuliza nyuma ya sikio. Hakuna anayelia wala kucheka wala kugombea kijiko. Walikuwa wamekaa kwenye mistari, wameelekea ukutani, saa nne ya asubuhi. Mwalimu wa darasa la kwanza akiingia chumba chenye watoto mia mbili asisikie kelele, damu yake inaganda. Yangu iliganda. Nilirudi nyumbani nikaanza kujaza fomu.

Vyoo vilipita, milango ikapita, afya ya mpishi ikapita. Kilichobaki ni kile kinachoitwa kuvaa.

Afisa Mkunde alifungua kisanduku chake akatoa nyuzi mbili, nyembamba kama ndevu za hindi. Mmoja huwekwa nyuma ya sikio la mtoto, mwingine nyuma ya sikio lako. Kwa robo saa unapokea kile mwili wa mtoto unachopokea. Mawazo yake huyapati, hayo hakuna aliyeweza kuyavusha bado. Unapata sauti kama anavyoisikia yeye, nguo kama inavyomgusa, tumbo linapokaza na linapolegea. Mwili wako unabaki wako, unaweza kusimama na kusema. Lakini kabla ya kuvaa unaandika unachodhani mtoto atakihisi. Mfumo unalinganisha ulichoandika na kilichokuwa, na tofauti yake inaitwa pengo. Pengo likiwa chini ya ishirini, unamjua mtoto, unaaminika. Likizidi hapo, umekuwa ukilala nyumba moja na mgeni.

"Umemchagua nani, mwalimu?"

"Lugano."

Nilisema haraka, maana ni mtoto ninayejivunia kumjua. Alikuwa na miaka tisa, hana neno hata moja, na nilikuwa naye tangu ana mitano.

"Na tukio?"

"Kuvaa sweta. Na makofi."

Hapa lazima nieleze makofi yetu. Kila aliyesoma shule za kwetu anayajua makofi ya kilo. Mtoto akifanya vizuri, mwalimu anasema, "Makofi ya kilo!" Darasa zima linapasha viganja, mwalimu anahesabu, na yanashuka matatu kwa pamoja, pa, pa, pa, mpaka vumbi linatoka kwenye dari. Niliyaleta kituoni kama nilivyoleta chaki na kengele. Na nilikuwa na sheria yangu: makofi hayatolewi bure. Mtoto amalize kazi ndipo apigiwe. Nusu kazi haina makofi.

Lugano, mwezi wake wa kwanza, alifunga vifungo vyote vitano vya sweta peke yake. Mtoto wa miaka mitano, asiyesema! Tukampigia makofi ya kilo. Akaruka juu, akatikisa mikono, akapiga kelele mpaka mate yakamtoka. Tukasema, tazameni furaha ya huyu mtoto. Kesho yake alifunga vinne akaacha. Na keshokutwa vinne. Miaka minne, asubuhi kwa asubuhi, vinne. Kila muhula niliandika kwenye taarifa yake: *Vidole bado havijamudu kifungo cha tano.* Nilimkanda vidole kwa mafuta. Nilimfinyangisha udongo. Nilimshonea kifungo kikubwa kama sarafu. Wapi.

Basi siku ile nikaandika kwenye kioo cha kuandikia cha afisa: kifungo cha tano, uchovu na kushindwa, makofi, furaha, tisini kwa mia. Niliandika bila kufikiri, kama ninayesahihisha moja jumlisha moja.

*

Kitu cha kwanza kilikuwa mvua.

Miaka yote nimeichukia mvua ya Tukuyu juu ya bati, maana nimefundisha nikiipigia kelele. Ndani ya Lugano ilikuwa blanketi. Ilikuwa nzito, imelingana kila mahali, na haikumshtua kwa lolote. Ningeweza kukaa pale nisitoke. Kisha ikaja harufu ya sabuni ya Bupe, msaidizi wangu, kabla Bupe mwenyewe hajafika. Ikaja lebo ya shingoni, inakwaruza. Likaja sweta.

Vidole vile vilikuwa hodari. Kimoja, viwili, vitatu, vinne, na hapakuwa na uchovu hata chembe. Tundu la tano lilikuwa pale pale, kidole gumba kimeshalijua. Ndipo tumbo likakaza. Ni kama unaponyoosha mkono kwenye sufuria iliyokwisha kukuunguza. Mkono ukashuka.

Hakushindwa. Alikataa.

Sikupata nafasi ya kulitafakari hilo, kwa sababu Mwaisa alikuwa amemaliza uji wake, na ilikuwa imepangwa. Nikausikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Makofi ya kilo!" na mikono yangu ikaongoza.

Nimeyaongoza maelfu ya mara. Sikuwahi kuyasikia. Katika sikio lile hayakuwa makofi, yalikuwa bati linalopasuliwa ndani ya kichwa, na kati ya moja na jingine hapakuwa na pa kukimbilia. Lugano aliruka. Alitikisa mikono. Alipiga kelele. Na mimi nilikuwa ndani ya kuruka kule, ndani ya kelele ile, nikajua kwa mwili wangu kile tulichokuwa tukikiita furaha.

Afisa Mkunde alininyofoa uzi. "Pengo sabini na moja," alisema polepole.

Niliomba maji. Bupe aliyaleta, nikayaweka mezani.

"Mwalimu, usikate tamaa," afisa alisema. "Kuna marudio. Siku thelathini kuanzia leo. Mtoto yuleyule, tukio lilelile."

"Tukio lipi?"

"Kifungo na makofi. Ukiongoza wewe, kama kawaida yenu. Na safari hii makofi apigiwe yeye mwenyewe."

"Sasa jibu ninalijua. Ni hofu. Andika hofu, uende zako, mwanangu."

"Mfumo hauchukui jibu bila mwili."

"Unaniambia nimpige tena kile kitu, nikijua ni nini, ili serikali iamini kwamba ninajua ni nini?"

Alitazama viatu vyake. "Mimi nabeba nyuzi tu, mama. Naweza kuandika maoni. Hakuna anayeyasoma." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na asiandaliwe. Mtoto akiandaliwa, mfumo unaona, unafuta kila kitu."

Aliondoka bila kunywa chai. Nilimnyang'anya ile alama.

*

Nilipiga marufuku makofi siku ileile.

"Sasa tutawapongezaje?" Bupe aliuliza. Bupe ana miaka arobaini na amelelewa kwa makofi kama mimi.

"Tutanyamaza."

"Mwalimu, mtoto akifanya vizuri watu wakanyamaza, si atadhani kakosea?"

"Miaka minne tumedhani sisi. Sasa tumpumzishe yeye."

Haikuwa rahisi. Mikono ya mwalimu haina breki. Siku ya pili Mwaisa alifunga zipu yake, nikajikuta viganja vimekaribiana, nikavikalia. Mwaisa mwenyewe alidai haki yake, akasimama katikati ya chumba akasubiri apigiwe. Tukamfundisha kupunga mikono hewani, akaridhika, maana Mwaisa huridhika.

Lugano hakubadilika wiki ya kwanza. Wala ya pili. Vinne, mkono unashuka. Nilianza kuamini kwamba nimekwisha kumharibu, kwamba kuna milango ukiifunga kwa mtoto haifunguki tena.

Siku ya kumi na tisa mvua haikunyesha. Chumba kilikuwa kimya mpaka ulisikia kuni za jikoni. Lugano alifunga cha nne. Mkono ukashuka, kama kawaida. Kisha ukapanda.

Akakifunga.

Akainua mabega mpaka masikioni, akafumba macho, akasubiri. Alisubiri tumpigie. Bupe alijiziba mdomo kwa kanga. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu, na ninawaambieni, katika maisha yangu yote sijawahi kufanya kazi ngumu ya ualimu kama ile ya kukaa kitako.

Mabega yakashuka, kidogo kidogo. Akafumbua macho. Akakifungua kifungo, akakifunga tena. Mara kumi na moja, nilihesabu. Halafu akaja kwangu. Nilikuwa nimevaa sweta langu la kahawia, wazi, kwa sababu mimi ni mtu mzima na baridi tumezoeana. Akalifunga. Chini kuja juu, vyote. Alipofika cha mwisho aliweka paji lake la uso pale, juu ya kifungo, akatulia kidogo, akaenda zake kwenye udongo wake.

Nililia bila sauti. Nilikuwa nimeshajifunza.

*

Mama yake, Tusekile, anachambua majani kiwanda cha chai. Nilimwita siku iliyofuata baada ya zamu yake, akaja na vidole vya kijani. Alimtazama mwanawe akifunga vifungo vitano, akajishika kichwa, hakusema neno. Alishajifunza naye, nilikuwa nimemwonya mlangoni.

Kisha nikamtoa nje nikamweleza yote. Miaka minne. Taarifa nilizoandika. Marudio.

"Nikijitoa," nilisema, "wanakwenda wote tisa."

"Nyumba Kuu watamwekea ule uzi wa kutuliza?"

"Watamwekea."

"Siku ngapi?"

"Siku zote."

Alichokonoa ukijani wa kucha. "Basi piga, mwalimu."

"Tusekile, hujui unachoniambia. Mimi nimekisikia."

"Na mimi nimezaa mtoto ambaye hajawahi kunitazama machoni. Usinifundishe maumivu." Sauti yake haikupanda. "Utapiga mara moja. Halafu utamwomba msamaha mpaka ufe. Lakini atakuwa hapa, nitamwona jioni nikitoka kazini."

Niseme kweli. Nilitaka anikatalie. Nilitaka asimame aseme, mwanangu haguswi, nami nijitoe kwa heshima, watoto wachukuliwe, na dhambi iwe ya serikali. Hakunipa hiyo. Aliniachia ileile iliyo yangu.

*

Afisa Mkunde alirudi siku ya thelathini. Safari hii alikunywa chai kwanza. Alikuwa anaichelewesha kazi, nami nilimwacha aicheleweshe.

Niliandika: hofu, tisini na tano. Maumivu ya masikio. Kutaka kukimbia. Niliandika taratibu, kama mtoto wa darasa la kwanza anayefuata mistari. Nikavaa.

Hapakuwa na mvua ya kumfunika. Sakafu ilikuwa baridi nyayoni. Kisha ikaja harufu nisiyoijua, chaki na mafuta ya mgando, na ilipofika tumbo la Lugano likalegea, mabega yakashuka, na kupumua kukawa kupana. Nilijiuliza ni kitu gani hiki kinachomtuliza hivi. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni mimi. Nilikuwa nimesogea hatua moja.

Kimoja. Viwili. Vitatu. Vinne.

*Acha leo,* nilimwomba kimoyomoyo. *Acha pale pale ulipozoea.* Akiacha, hakuna cha kupigia makofi, tukio halipo, na mimi sina la kuchagua.

Cha tano kikaingia kwenye tundu lake. Kilikuja na utamu mdogo, kama unapofika nyumbani ukavua viatu. Na Lugano akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa mtu yeyote. Aliinua macho akanitafuta.

Nikajiona. Mwanamke mzee mwenye sweta la kahawia, mikono imeinuliwa, viganja vinatazamana. Yeye pia aliviona. Tumbo lake halikukaza. Aliviona na hakuamini.

Pale ningeweza kushusha mikono. Nimeurudia muda ule mara nyingi, najua ulivyokuwa mrefu, ulitosha. Nyuma yangu walikuwepo Mwaisa na wengine saba, na nyuma yao vitanda vya shuka za buluu.

"Makofi ya kilo," nikasema.

La kwanza lilishuka. Hofu ilikuwa vilevile nilivyoiandika, na maumivu vilevile. Kisha akakimbia, kama nilivyoandika. Lakini hakukimbilia mlangoni. Alikimbilia kwangu. Alikuja mbio akajichomeka tumboni mwangu, uso kwenye sweta, kwa sababu siku kumi na moja zilizopita hapo ndipo palipokuwa na kimya.

Makofi ya kilo ni matatu. Tukio lisipokamilika linafutwa.

Nikapiga la pili na la tatu juu ya kichwa chake.

*

"Pengo kumi na nne," afisa alisema. "Umepita." Alikuwa anakunja nyuzi zake. "Mwalimu, hofu umeipatia kabisa. Hiyo kumi na nne imetoka wapi? Mfumo hauonyeshi."

"Sijui," nilimjibu.

Ni uongo pekee niliomwambia.

Cheti kilifika baada ya siku tatu, kimeletwa na kindege kisicho na rubani, ndani ya mfuko wa nailoni ili kisilowe. *Mtoa Huduma Aliyeidhinishwa.* Kilikuwa na jina langu, na muhuri unaowaka ukiugusa. Tusekile alikuja kukitazama, akanishika bega, akaenda kazini. Watoto tisa walikuwa ndani wanakunywa uji.

Lugano alikuwa amekaa kwenye kona yake. Sweta lilikuwa wazi. Hakufunga kimoja. Siku tatu hakuwa amegusa hata cha kwanza, na kulikuwa na baridi ile ya Juni inayotoboa mifupa, midomo yake imepauka. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikanyoosha mikono nimfunge mimi.

Hakukimbia. Alinyoosha yake akanishika vifundo vya mikono, kimoja kwa mkono wa kushoto, kingine kwa mkono wa kulia. Akaivuta huku na huku, taratibu, mpaka ikawa mbali mmoja na mwenzake kadiri mikono yake mifupi ilivyoweza. Akabaki ameishikilia hivyo. Hakunitazama. Alikuwa anatazama viganja vyangu, kwa zamu, ahakikishe vyote viwili vipo kila kimoja upande wake.

Bupe alikuwa mlangoni na cheti, msumari mdomoni, nyundo mkononi.

"Mwalimu, njoo ukitundike mwenyewe. Ni chako."

"Kiweke mezani," nilisema. "Na usigonge kitu humu ndani."

Vidole vya Lugano vilikuwa vya baridi sana. Magoti yalianza kuniuma, kisha yakafa ganzi, na uji ulikwisha, na kengele ya masomo ikapita saa yake bila mtu kuipiga. Kila nilipotaka kusogea hata kidogo, alikaza.